Filamu Ikiisha Watu Wanabaki na Nini? Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Mwezi huu meseji za filamu zimekuwa nyingi kuliko za mapenzi, na nyingi zimetoka huku kwetu magharibi, Kigoma na Tabora, watu wa reli moja. Nimechagua chache zinazogusana. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba na baadhi ya barua nimezifupisha maana kuna kaka mmoja wa Kasulu kaandika kurasa na kurasa (nimezisoma zote kaka, asante sana, lako liko humu ndani limechanganyika na la wenzako). Twende kazi.

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi vijana wa Mwanga hapa Kigoma tuna kijiwe chetu cha kahawa na kila jioni ugomvi ni ule ule. Kuna anayesema filamu kubwa ni ile iliyoingiza hela nyingi. Kuna anayesema hapana, ni iliyochukua Oscar. Mimi nasema hivyo vyote ni biashara ya watu, filamu kubwa ni ile ambayo watu hawaisahau, ila nikiulizwa haya basi ni ipi nakosa la kusema. Tusaidie tumechoka kubishana. (Kijana wa kijiweni, Mwanga)

JIBU: Mwakeye vijana wa Mwanga. Hela msiidharau, filamu ikiingiza hela maana yake watu wametoka majumbani wakaenda kuiona, ila hela inahesabu walioingia mlangoni tu, wametoka na nini haijui. Na Oscar ndo kabisa, ile ni kura ya watu wa tasnia ya filamu na wengi wao ni wa Marekani, wanatoa tuzo toka 1929 na mpaka inafika Februari 2020 haikuwahi kutokea hata mara moja filamu isiyo ya Kiingereza ikachukua tuzo ya filamu bora. Miaka tisini na kitu hiyo. Wahindi wametengeneza weee, Wajapani wametengeneza, mzee Ousmane Sembène kule Senegal katengeneza, hola. Kwa hiyo ukishikilia kwamba Oscar ndo kipimo unakubali kuwa dunia nzima nje ya Kiingereza ilikuwa haijui filamu mpaka Wakorea walipoleta Parasite. Sidhani kama kuna mtu hapo kijiweni anaweza kukubali hilo akiwa na akili zake.

Mimi ninachoangalia ni hiki, na nakiamini kabisa: filamu kubwa inakamata kitu ambacho watu wanaishi nacho kila siku na hakuna anayekisema, inakiweka mezani, na ukishakiona huwezi tena kujifanya hukijui. Chukua hiyo hiyo Parasite ya Bong Joon-ho. Familia masikini inaishi Seoul kwenye chumba ambacho nusu kiko chini ya ardhi, dirisha lao liko usawa wa barabara, mlevi akibanwa anakuja kukojoa hapo hapo dirishani. Wanaingia mmoja mmoja kufanya kazi kwa tajiri na wanajifanya hawajuani, wanavaa vizuri, wanaongea vizuri, mambo yanaenda. Kinachokuja kuwaumbua ni harufu. Mtoto mdogo wa tajiri ndo anagundua, hawa watu wote wananuka sawa. Sasa kuna sehemu usiku baba wa ile familia amejificha chini ya meza, tajiri na mke wake wako kwenye kochi pembeni hapo, wanaongelea harufu yake, kwa sauti ya kawaida kabisa wala hawana chuki naye, na yeye amelala pale chini anasikia kila neno na kukohoa hawezi. Hakuna anayepigwa, hakuna anayelia, ila unamuona usoni kuna kitu kimekatika na kuanzia hapo unajua hii haitaisha salama.

Mtu yeyote aliyewahi kutoka Kibirizi, huko kwa wavuvi wetu wa Kigoma, na ndoo ya dagaa akapanda daladala, akamuona dada wa siti ya pembeni anasogeza dirisha kimya kimya, anaielewa ile sehemu bila sabtaitoli. Mkorea ameongelea Seoul, tena mtaa mmoja wa Seoul, nyumba mbili tu, na amemfikia mtu wa Kibirizi. Na haikuishia kwenye kuongea. Agosti 2022 mafuriko yalipoua watu kwenye vyumba vya namna ile, jiji la Seoul likatangaza mpango wa kuviondoa taratibu, na vyombo vya habari vya nje vikitaka kuwaeleza watu ni vyumba gani hivyo vilikuwa vinasema tu, vile vya kwenye ile filamu.

Kuna mara moja moja hela, Oscar na mioyo ya watu vinakutana sehemu moja. Titanic ya James Cameron, 1997, Oscar 11, hela ndo usiseme. Kila mtu anakumbuka wale wapenzi wawili wamesimama mbele ya meli wamefungua mikono. Lakini watu wa maziwa makuu sisi tuliipokea kivyetu. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa, na ile filamu inafika kwenye mabanda yetu ya video familia nyingi bado ziko msibani. Ile sehemu ya abiria wa daraja la tatu wamefungiwa geti huko chini maji yanapanda, huku kwetu haikuwa burudani. Na mtu wa Kigoma aliyewahi kusafiri na meli yetu ya Liemba daraja la tatu, wamebanana na magunia na mabeseni wakati juu kuna watu wana vyumba na vitanda, hahitaji kuelezwa yale mageti yalikuwa na maana gani.

Kitu kingine msichanganye ushawishi na ubora, havitembei pamoja kila siku. Rambo ilituachia jina la mifuko ya plastiki, tumeibeba mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019, ila sio kwamba filamu yenyewe ilitufungua macho kwa lolote. Halafu kuna Living in Bondage ya Nigeria, 1992, iliyoongewa Kiigbo, picha yake ya video ya kawaida kabisa, ikauzwa moja kwa moja kwenye kanda bila kupita sinema, inahusu mwanaume anayemtoa mke wake kafara ili atajirike. Ukiiweka leo vijana watacheka picha. Lakini tamaa ile ya kutajirika kwa usiku mmoja ilikuwa mtaani na kwenye nyumba za watu, wakaiona kwenye kioo, kanda zikaisha, na hapo ndo Nollywood ikashika kasi mpaka na sisi huku tukapata Bongo Movie. Tuzo gani ilipewa? Hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo kaka wa swali uko karibu kuliko wenzako, ila ongeza kitu. Usiseme tu watu hawaisahau, uliza wanaikumbuka wakiwa wanafanya nini.

SWALI: Mwanangu, miaka ya nyuma sisi wamama wa Ujiji tulioneshwa filamu ya Zimbabwe, mjane ananyang'anywa kila kitu na shemeji yake. Semina za haki za wanawake nimehudhuria nyingi tu, lakini kilichobaki kichwani ni ile filamu. Kwa nini inakuwa hivyo? (Mama wa Ujiji)

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo ni Neria, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dairekta ni Godwin Mawuru, hadithi ni ya Tsitsi Dangarembga yule mwandishi wa riwaya, na muziki ni wa marehemu Oliver Mtukudzi ambaye na yeye kaigiza humo.

Semina mama inakwambia mjane ana haki, inaishia hapo, unapewa soda unarudi nyumbani. Neria inakuonesha mwizi anavyofanya kazi. Shemeji, Phineas, hatokei na panga. Anakuja msibani, ni ndugu wa damu, anaongea kwa heshima, anaongea mila, na kila anachochukua ana sababu yake ya kimila tayari mdomoni, anaendelea hivyo mpaka anawafikia watoto. Neria mwenyewe mwanzoni anakubali kwasababu ndivyo alivyolelewa, mkubwa akiongea unanyamaza. Hapo ndo penye ukubwa wa ile filamu. Filamu mbovu ingemfanya Phineas shetani toka dakika ya kwanza, mtazamaji akasema afadhali kwetu hakuna mtu kama huyu. Hii inakufanya uanze kuhesabu kimoyomoyo ndugu zako wenyewe unaowajua. Tena haitukani mila, inakuonesha kwamba mila inasema mjane atunzwe na huyu bwana amekata kipande kinachompa yeye mali akatupa kile kinachompa kazi.

Na sisi tusiione ya Zimbabwe tu. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wewe mama na wenzako mlikuwa mnaiangalia filamu mkiwa ndani ya sheria hiyo. Ndo maana haikutoka kichwani, na ningefurahi sana kama ingerudi kuoneshwa tena huko Ujiji kwa mabinti ambao hawajaiona, na kwa wanaume pia waiangalie mpaka mwisho.

SWALI: Mambo vipi dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Mbalamwezi ikiwa kali hatuendi ziwani kwa hiyo usiku tunajaa kibanda umiza tunaangalia muvi zilizotafsiriwa. Shemeji yangu anasoma Dar, kaja likizo ananicheka eti sijawahi kuangalia filamu hata moja, nimesikiliza DJ anayetafsiri tu. Kweli? (Mvuvi, Kibirizi)

JIBU: Poa kaka. Shemeji yako mwambie taratibu, maana hapo anadharau kitu ambacho dunia imekifanya miaka mingi. Japani enzi za filamu bubu kulikuwa na wasimulizi wanaitwa benshi, wanasimama pembeni ya kioo wanaigiza sauti za watu wote, na watazamaji walikuwa wanaenda kwa jina la msimulizi kuliko hata la staa wa filamu yenyewe. Kaka yake dairekta Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao na ndo aliyekuwa anamtuma mdogo wake filamu za kwenda kuangalia, leo shule za filamu duniani zinamfundisha Kurosawa. Hapa kwetu ma-DJ akina Lufufu walichukua filamu ambayo mtu haelewi hata neno moja wakaifanya ya nyumbani, wakampa adui jina la mtaani, wakaeleza kwa nini yule mama analia, wakatia na methali. Wakati mwingine wanabadili kabisa hadithi na inakuwa tamu zaidi ya ile ya mwanzo. Na pale Uganda, mtaa wa Wakaliga Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa hela kidogo mno, na juu yake msimulizi VJ Emmie anaongea mwanzo mwisho, anashangilia, anatania, anakwambia kaa mkao. Imezunguka dunia nzima kwenye intaneti na watu wa Ulaya wanaipenda na sauti ya VJ wakiwa wanaisikia kama sehemu ya filamu yenyewe.

Sasa na mimi nikuombe kitu kimoja. DJ anakupa maneno ila kuna kitu anakichukua, anachukua ukimya. Ile sehemu ya chini ya meza niliyowaeleza vijana wa Mwanga hapo juu, DJ akiongea juu yake imekufa. Siku moja mwambie mwenye banda aweke muvi ambayo nyote mmeshaijua kwa kichwa, aiweke bila DJ, mzime na kelele za pembeni. Angalia nyuso tu. Angalia kamera inakaa kwa nani wakati mwingine ndo anaongea. Halafu uniandikie umeona nini ambacho hukuwahi kukiona.

SWALI: Kwa nini toka afariki Kanumba hatujapata mwingine? (Msomaji, Nzega)

JIBU: Marehemu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga 1984, akafariki tarehe 7 Aprili 2012 ana miaka 28 tu, na Dar ilisimama siku ya kumzika. Alitokea kundi la maigizo la Kaole, akavuka mpaka kufanya kazi na Wanaijeria, akajiweka kwenye kila bango. Ila mimi nitasema kitu ambacho mashabiki wake hawatakipenda, na mimi ni mmoja wao: ukiwaambia watu wataje filamu yake moja ambayo ni kubwa yenyewe kama filamu, kila mtu anataja yake. Kanumba mwenyewe ndo alikuwa mkubwa. Alimfanya mtoto wa Shinyanga, wa Nzega, wa Urambo aone uigizaji ni kazi ya mtu kama yeye. Huo ni ushawishi mzito na hauna mpinzani mpaka leo. Kilichomnyima filamu ya kudumu ni haraka ya soko la wakati ule, filamu inapigwa siku chache inakatwa pati wani na pati tuu ili ziuzwe mbili, na skripti haipewi muda. Vipaji kama vile vipo hata sa hivi. Tuulize wanapewa muda kiasi gani.

SWALI: Dada naomba uniambie ukweli. Kila filamu inayohusu Kigoma ni sokwe wa Gombe au Mzungu amekuja kugundua kitu. Sisi watu wa ziwani hatuna hadithi? (Msomaji, Bangwe)

JIBU: Maumivu yako nayaelewa, lakini naomba nianze kwa kuitetea moja. Jane, ya 2017, ya Brett Morgen, imetengenezwa na zaidi ya masaa mia ya picha alizopiga Hugo van Lawick kule Gombe miaka ya sitini, zilikaa stoo miaka na miaka zikaja kupatikana 2014. Ni filamu nzuri sana. Unamuona Jane Goodall, binti ambaye hana hata digrii, anakaa kimya msituni mpaka sokwe wanamzoea, na kile alichokiona Gombe, sokwe anatengeneza kijiti cha kuchokolea mchwa, kiliwalazimisha wanasayansi wabadili walichokuwa wanafundisha kuhusu binadamu. Dk. Goodall amefariki Oktoba 2025 na jina la Kigoma limetajwa dunia nzima kwa ajili yake. Hiyo ni heshima kwetu. Ila ndio, wavuvi wa kando ya ziwa na wapagazi waliobeba mizigo ya kambi wanapita tu pembeni ya picha, na hilo unalolisema ni kweli.

Hadithi tunazo, tena moja ilishaibwa nusu. Mnajua The African Queen, ile ya 1951 aliyoigiza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn? Ile meli ya Wajerumani ya kwenye hadithi inatokana na Graf von Goetzen, yaani Liemba yetu. Filamu ikapigiwa Uganda na Kongo, na mwishoni Wazungu wawili ndo wanasababisha meli inalipuka. Sasa sikia ilivyokuwa kweli. Meli ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha maelfu, ikasafirishwa baharini, ikapanda reli ikaja kuungwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wanakimbia, wanaizamisha wenyewe, lakini mafundi kabla ya kuizamisha wanazipaka injini grisi nzito kila mahali ili zisioze. Hebu fikiria uso wa fundi anayepaka grisi injini anayoizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina la Liemba.

Na bado hatujafika kwenye sehemu yake kubwa. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 Warundi wanakimbia wanajazana Kagunga, kijiji kidogo kiko kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, kipindupindu kimeingia, na meli iliyokuwa inawachukua kuwaleta Kigoma ni hiyo hiyo Liemba. Haiwezi kufika ufukweni kwa hiyo watu wanapelekwa na mitumbwi, mtoto ananyanyuliwa na mikono ya watu asiowajua mpaka anaingia ndani ya meli ya mwaka 1915. Mimi nikipata mtu wa kunisikiliza nitamwambia usitengeneze historia yote ya Liemba, tengeneza siku moja ya Kagunga. Mama mmoja, mvuvi mmoja mwenye mtumbwi ambaye anaweza kuchaji hela au asichaji, na baharia mmoja anayejua meli ishajaa. Kigoma wapo watu walioiona siku hiyo kwa macho yao, wako hai, wana miaka thelathini, arobaini. Wangeulizwa sasa, wasisubiriwe mpaka wawe wazee.

SWALI: Dada shikamoo. Niko Ng'ambo, Tabora, nina miaka 22. Nina simu nzuri na kompyuta ya kuazima. Nataka kutengeneza filamu ambayo watu wataikumbuka. Wenzangu wananiambia bila drone na jumba la kifahari haiendi popote. Nianzie wapi? (Kijana wa Ng'ambo)

JIBU: Marahaba, mwangaluka mdogo wangu. Simu inatosha. Sean Baker wa Marekani alipiga Tangerine ya 2015 kwa iPhone 5s, akiwa na lenzi ya kuongezea na baadhi ya waigizaji aliowapata huko huko mtaani anakokusimulia, na huyo huyo 2024 akachukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la Cannes, na filamu yake Anora, Machi 2025 akaondoka na Oscar ya filamu bora. Tangerine ilianzia mtaani.

Jumba la kifahari achana nalo. Unaijua ile, gari inapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari inaingia, bosi anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anakaa kwenye kochi, na mpaka hapo hakuna kilichotokea. Zile dakika ni maisha ya mtazamaji umezila. Ukiwa unaandika jiulize kila sehemu, nani anataka nini hapa na nani anamzuia. Kama hakuna jibu, futa.

Wewe una stesheni ya Tabora. Treni ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana hapo, usiku watu wamelala juu ya mizigo, kuna mama anauza asali kwenye chupa za maji. Nipe dakika kumi tu. Mama wa asali na abiria mmoja anayedai asali imechanganywa na maji ya sukari, treni inaondoka muda wowote, na mama anajua kabisa kwamba leo kweli ameichanganya kwasababu ya ada ya mtoto. Ukiipata sura ya yule mama wakati abiria anaonja, filamu unayo. Hadithi ya Mtemi Isike aliyejilipua na ghala la baruti Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate iweke akiba, najua unaiota, kila kijana wa Tabora mwenye kamera anaiota na ni haki yenu, lakini inataka bajeti, mavazi na watu mia. Itakukuta umeshaiva.

Kwenye ufundi pesa yako ya kwanza nunua maiki ya kubana kwenye nguo, kabla ya kitu kingine chochote. Mtazamaji anavumilia picha ya giza, sauti mbovu havumilii. Zima feni, zima friji ya jirani ukimuomba vizuri, na mvua ikigonga bati acha kupiga kabisa. Jua la Tabora la saa sita linawaweka watu mashimo machoni, piga asubuhi mapema au wapeleke chini ya mwembe, mmejaaliwa miembe kila kona. Muziki wa kinanda usiuweke juu ya maneno ya watu, kama mtu analia na hatuumii basi tatizo liko kwenye skripti na kinanda hakitalitibu. Na kibali ufuatilie, sheria ya filamu ya 1976 inataka kibali cha kupiga na filamu ikaguliwe kabla ya kuoneshwa, Bodi ya Filamu ndo wenye kazi hiyo, usije ukamaliza kila kitu ukakwama hapo. Stesheni nayo ina wenyewe, waombe ruhusa kwa barua.

Ukishaikata mara ya kwanza usiitume popote. Azima projekta, funga shuka jeupe ukutani hapo hapo Ng'ambo, waite watu wa rika zote, wamama wa sokoni wakae mbele. Wewe kaa pembeni, usiiangalie filamu, waangalie wao. Dakika ambayo wanaanza kushika simu iandike. Dakika ambayo mama mmoja anasema kwa sauti mwambie ukweli huyo, iandike pia. Halafu rudi kwenye kompyuta ukate ile ya kwanza, na ile ya pili usiiguse.